Je, nichukue Montage 8 ya mtumba?

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mpiga kinanda hapa Tanga. Jumapili napiga kanisani. Ijumaa na Jumamosi napiga harusini na wenzangu watatu, yaani mpiga besi na waimbaji wawili. Hatuna mpiga ngoma, midundo yote inatoka kwenye kinanda changu, Yamaha PSR-S670. Mjomba wa rafiki yangu amerudi kutoka Muscat na Yamaha Montage 8, na yuko tayari kuniuzia kwa karibu nusu ya bei ya kipya. Nimeweka akiba kwa miaka 3 na fedha inatosha, ila itakwisha yote. Mpiga kinanda mmoja wa Dar es Salaam ananiambia nisilale, nikiikosa nitajuta. Mwingine, aliyewahi kuwa na Motif, kinanda cha Yamaha kilichoitangulia Montage, anasema ni mzigo wa bure na kwamba siku hizi kompyuta ya mkononi inafanya yote. Fundi mitambo wa kanisa letu anasema tatizo letu si kinanda, ni spika. Nimsikilize nani?"

Marahaba, ndugu yangu. Watu watatu wamekushauri na hakuna hata mmoja aliyekudanganya; kila mmoja amekueleza kazi yake mwenyewe, si yako. Nikikusoma vizuri, hofu yako si fedha peke yake. Unaogopa kwamba utaikomba akiba ya miaka 3, utaibeba Montage hadi kanisani, utapiga wimbo wa kwanza, na waumini wataimba vilevile walivyoimba Jumapili iliyopita. Hofu hiyo ina msingi, na nitaifikia. Kwanza, hata hivyo, kuna jambo ambalo hakuna kati ya hao watatu aliyekutajia, nalo kwa hali yako lina uzito kuliko yote: Montage haina staili, yaani bendi iliyopangwa tayari inayokufuata unapopiga.

PSR-S670 yako ina bendi nzima ndani yake. Unashika kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, kwa mkono wa kushoto, na ngoma, besi na gitaa vinakufuata. Kuna swichi ya utangulizi, swichi za kubadilisha mdundo, na swichi ya kufunga wimbo pale bibi harusi anapofika mezani mapema kuliko mlivyotarajia. Montage haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Ni sinthesaiza, yaani chombo cha kuunda sauti, kuzipanga tabaka juu ya tabaka na kuzigeuza huku zikilia. Ina vifungu vinavyojirudia na kufuata kodi zako, na ina midundo ya ngoma, lakini haina utangulizi, viunganishi na miisho iliyokwisha kupangwa ikikusubiri. Ilipotoka mwaka 2016 haikuwa hata na sikwensa kamili, yaani sehemu ya kurekodi na kupanga wimbo mzima ndani ya kinanda, kama ile ya Motif iliyoitangulia, jambo lililowakera wenye Motif wengi, na sehemu ya kupanga midundo iliongezwa baadaye kwa kusasisha programu. Kwa hiyo ukiuza PSR ili uongezee fedha, Ijumaa ya kwanza utakuwa umekwenda harusini bila mpiga ngoma. Usipoiuza, utabeba vinanda viwili.

Kubeba ni suala lenyewe. Montage 8 ina uzito wa kilo 29 ikiwa tupu, na urefu wake unakaribia mita moja na nusu. Ukiitia kwenye sanduku gumu la safari, hutaiinua peke yako. Haiingii kwenye bajaji. Kila harusi itakuhitaji gari na mtu wa kushika upande wa pili, na mtu huyo naye atataka chake. Hapa ndipo yule mzee wa Motif anapozungumza kwa uchungu, kwa maana Motif XF8 nayo ilikuwa na uzito wa karibu kilo 29, na nina hakika kwamba anaposema "mzigo wa bure" ni mgongo wake unaozungumza. Kama tayari una maumivu ya kiuno au ya kifundo cha mkono, usiyachukulie kama sehemu ya usanii: mwone daktari au mtaalamu wa fiziotherapia kabla hujanunua chombo kikubwa cha namna hii, wala si baada yake.

Sasa tuje kwenye bei, kwa sababu watu wengi huamini kwamba kinanda cha bei kubwa kina sauti nzuri kwa kiwango kilekile bei ilivyopanda. Njia rahisi ya kuona fedha inakwenda wapi ni kuiweka Montage 8 kando ya ndugu yake mdogo, MODX8, iliyotoka mwaka 2018. Katika maduka ya Marekani, Montage 8 ilipoanza iliuzwa takriban dola 4,000, na MODX8 takriban dola 1,900. Ajabu ni kwamba mitambo ya sauti ndani yake ni ileile miwili: AWM2, inayotumia sauti zilizorekodiwa kutoka vyombo halisi, na FM-X, inayozalisha sauti kwa hesabu, mrithi wa ile iliyokuwa ndani ya DX7 ya mwaka 1983. Hazina ya sauti zilizorekodiwa ni ileile pia, gigabaiti 5.67. Piano ya Montage na piano ya MODX zikitoka kwenye spika za kanisa lako, mimi mwenyewe nisingeweza kuapa ni ipi ninayoisikia.

Dola takriban 2,100 za ziada zinanunua nini, basi? Zinanunua vitu ambavyo mpigaji huvihisi na msikilizaji havioni. Kikubwa ni vitufe. Vya Montage 8 vina nyundo ndani na mizani iliyosawazishwa, na vinahisi mkandamizo hata baada ya kufika chini, hivyo unaweza kuikandamiza noti ya fidla ikatetemeka bila kugusa gurudumu la pembeni. MODX8 haina uwezo huo. Unapata pia vitelezi 8 na virungu 8 vya kuzungusha mahali ambapo MODX ina 4 na 4. Unapata sauti 128 za FM-X kwa pamoja badala ya 64. Na unapata kitu ambacho wapiga kinanda wa kanisani hukithamini kuliko vyote mara wanapokielewa: kubadili sauti bila kukata ile inayolia.

Hili la mwisho linahitaji maelezo kidogo. Sauti unayoisikia haitoki tupu. Inapita kwenye mitambo ya mwangwi na madoido mengine, na mitambo hiyo ina idadi maalumu. Unapobadili kutoka piano kwenda nyuzi, yaani sauti ya fidla nyingi kwa pamoja, huku umekanyaga pedali, kinanda cha kawaida hulazimika kuichukua mitambo hiyo kutoka kwa piano na kuikabidhi nyuzi papo hapo, na ndipo unaposikia ule mkato, kama mtu aliyefunikwa mdomo katikati ya neno. Katika maombi, mchungaji anapozungumza taratibu juu ya muziki wako, mkato huo husikika hadi benchi la nyuma. Montage hutenga nafasi ili sauti ya zamani imalizike kwa mwangwi wake huku mpya ikianza, na hufanya hivyo kwa mpangilio wenye hadi sehemu 8, yaani tabaka 8 za sauti. MODX hufanya vilevile, ila kwa sehemu zisizozidi 4. Nimewauliza wapigaji wengi wa kanisani wanatumia tabaka ngapi kwa wakati mmoja. Wengi husema piano, nyuzi, sauti laini ya kujaza nyuma, na basi.

Utasikia pia watu wakibishana kuhusu zile sauti 128, yaani idadi ya sauti ambazo kinanda kinaweza kuziliza kwa wakati mmoja. Noti moja ya piano iliyorekodiwa kwa stirio hula sauti mbili au zaidi, nyuzi ulizoweka chini yake hula nyingine, na pedali ikiwa imekanyagwa noti za zamani haziachii nafasi. Hesabu ikijaa, kinanda kinaiba: huizima noti isiyosikika sana ili mpya ipate mahali. Kwa upigaji wako wa kawaida wizi huo haujulikani. Na ukitaka kujua ni kiasi gani mtu mwenye sikio anaweza kufanya kwa kidogo, ikumbuke Korg M1 ya mwaka 1988, iliyokuwa na megabaiti 4 tu za sauti na ikaweza kuliza noti 16 kwa pamoja. Piano yake imejaa kwenye muziki wa dansi wa miaka ya 1990 duniani kote.

Narudi kwenye vitufe, maana hapa nina shaka nawe kuliko mahali pengine. Vitufe vya nyundo ni raha ya piano. Lakini wewe umekulia kwenye vitufe vyepesi vya PSR, na nadhani harusini unapiga ogani ya kuteleza, mashambulizi ya tarumbeta, na pengine akodiani ya taarabu yenye noti fupifupi zinazokimbizana. Mambo hayo juu ya vitufe vizito huchosha, na kutelezesha kiganja kwenye ogani huumiza. Montage 6 na Montage 7 zina vitufe vyepesi vya kisinthesaiza, navyo ni vizuri sana. Kama ungeniambia mjomba amekuja na Montage 7, nusu ya jibu langu ingebadilika. Kwa upande wa taarabu kuna jambo jingine: ukihitaji robo toni, yaani noti zilizo katikati ya vitufe viwili vya kinanda, Montage inaweza kupanga noti nje ya mfumo wa kawaida, lakini ni kazi ya kuingia kwenye menyu sehemu kwa sehemu. Wapigaji wengi wa nyimbo zenye maqamu, yaani mipangilio ya noti ya muziki wa Kiarabu, hupenda vinanda vya Korg vya mfululizo wa Pa kwa sababu huko unainua au kushusha noti kwa kugusa mara moja, wimbo ukiendelea.

Fundi mitambo wenu naye tumsikilize. Nakubashiria kwamba kinanda chako kimeunganishwa kwa kebo moja, kwenye tundu lililoandikwa L/L+R, linalochanganya sauti ya kushoto na ya kulia. Piano iliyomo kwenye kinanda hurekodiwa kwa maikrofoni zaidi ya moja, na sauti ya uzi mmoja huzifikia kwa nyakati zinazopishana kidogo mno. Zikikaa kushoto na kulia, sikio huona upana. Zikilazimishwa kuingia kebo moja, mawimbi yanayopishana hufutana hapa na pale, na piano hukonda, inalia kama iko ndani ya debe. Kinanda cha dola 4,000 kikipita kwenye njia hiyo hukonda vilevile. Kwa hiyo kabla ya yote, nunua kebo mbili nzuri na boksi la DI lenye njia mbili, yaani kifaa cha kuunganisha kinanda na mikisa bila kelele. Kisha mwulize fundi kama mikisa na spika zenu zinaendeshwa kwa stirio kweli, kushoto na kulia mbalimbali. Kama zinaendeshwa kwa mono, kama ilivyo makanisa mengi, usiihukumu piano kwa hedifoni nyumbani. Pitia sauti zote za piano zilizomo kwenye PSR ukiwa kanisani, mtu mwingine akisikiliza katikati ya benchi, na uchague ile inayobaki nene. Nimeona mpigaji akiacha kabisa mpango wa kununua kinanda baada ya zoezi hilo la nusu saa.

Kuhusu kompyuta ya mkononi, ni kweli kwamba kompyuta yenye kasi, kibodi ya kuongozea na kadi nzuri ya sauti vinaweza kukupa piano nzito kuliko ya Montage. Shida ni muda. Kompyuta hutengeneza sauti kwa mafungu ya sampuli, yaani vipande vidogo sana vya sauti: fungu la sampuli 256 huchukua takriban milisekunde 6, ambazo vidole havizihisi, lakini kompyuta dhaifu itakulazimisha kwenda 1,024, yaani milisekunde 23, na hapo utahisi kama unapiga kinanda kupitia godoro. Ongeza joto la ukumbi, mtoto aliyekanyaga waya, na programu inayoamua kujisasisha saa 3 usiku. Kwa studio ningekuambia kompyuta bila kusita. Kwa harusi za Tanga, ningependa chombo kinachowaka chenyewe. (Si kila kinanda kikubwa kina sifa hiyo, ukweli usemwe: Korg Kronos ya mwaka 2011 ni kompyuta iliyovaa vitufe, na wenyewe hulalamika jinsi inavyochelewa kuwaka umeme unaporudi.)

Yule wa Dar es Salaam, kwa namna ulivyomnukuu, nadhani ana studio. Kwa mtu wa studio Montage ni chombo kingine kabisa: kwa waya mmoja wa USB hupeleka njia 32 za sauti kwenye kompyuta, na kuketi nayo usiku kucha ukiunda sauti ambayo hakuna mwingine anayo ni raha isiyo na mfano wake. Kila ninayemjua anayeipenda Montage yake baada ya miaka mingi ni mtu wa kuunda sauti. Waliojuta ni wale wanaotumia sauti 12 zilezile walizozikuta siku ya kwanza. Jiulize kwa unyofu: kwenye PSR yako, ni sauti ngapi umezibadilisha mwenyewe na kuzihifadhi?

Ikiwa bado unaitaka, na mtu huwa anaitaka, nenda ukaikague mchana pamoja na fundi wa vinanda unayemwamini. Nikueleze utazame nini na kwa nini. Chini ya kila kitufe kuna kofia ya mpira yenye miguso miwili; cha kwanza hugusa kabla ya cha pili, na chombo hupima muda kati yao ili kujua umepiga kwa nguvu kiasi gani. Vumbi au chumvi ya hewa ya pwani ikikaa kwenye mguso mmoja, hesabu huharibika: noti moja hunyamaza, au hulia kwa nguvu zote ingawa umeigusa kama yai. Kwa hiyo chagua piano, zima madoido, na pitia vitufe vyote 88 kimoja kimoja kwa mguso mwepesi, kisha kwa mguso mzito. Noti mbili au tatu zenye kasoro si mwisho wa dunia. Mara nyingi ni usafishaji kwa kitambaa na spiriti safi. Mwaka jana nilifungua kinanda cha bendi moja ya harusi kilichokuwa na noti 3 zilizokufa, nikakuta punje za mchele na ua la asumini lililokauka likiwa bapa kabisa juu ya mguso wa noti ya re. Noti kumi zenye kasoro, hasa zikifuatana, zinaashiria maji au soda, na hapo ondoka.

Gusa kila kona ya skrini, sogeza kila kitelezi taratibu huku ukitazama namba, zungusha kirungu kikubwa kinachowaka taa, tikisa jeki za nyuma sauti ikiwa inalia. Iache iwake kwa saa nzima, kwani hitilafu nyingi za umeme hujificha hadi chombo kipate joto. Na hata ukiona skrubu zake zinakuita, sehemu ya umeme usiifungue wewe: kuna vipande vinavyohifadhi chaji baada ya kuchomoa waya, na hiyo ni kazi ya fundi. Kwa vile kilinunuliwa Oman, ambako umeme ni volti 240, hapa hakitapata shida, ila soma kibandiko cha nyuma kwa macho yako, kwa sababu vinanda hupita mikono mingi, na kilichotengenezewa Japani husubiri volti 100. Ukikichomeka kwenye umeme wetu kinaweza kuungua mbele yako. Vyovyote iwavyo, chombo cha thamani hiyo kinahitaji stabilaiza.

Ningekuwa mimi, kwa kazi uliyonieleza, nisingeinunua Montage 8. Ningebaki na PSR kwa ajili ya harusi, ningenyoosha njia ya sauti kanisani kwa sehemu ndogo ya akiba, na ningesubiri MODX7 ya mtumba, ambayo ina vitufe vyepesi 76 na haifiki kilo 8. Mkipata mpiga ngoma, au ukianza kurekodi kwa dhati, nitakujibu tofauti, na wala usiogope kwamba nafasi itakuwa imepita: tangu Montage M, mrithi wake, ilipotoka mwaka 2023 bei za Montage ya zamani hazina sababu ya kupanda. Kabla hujaamua, mwombe mjomba akuazime kwa Jumapili moja tu, hata kwa kumlipa kifuta jasho. Ipige kwa kebo zako mbili, kwenye spika zilezile, na PSR ikiwa pembeni, umwache fundi mitambo abadilishe njia bila kukuambia.

Ukiamua kuinunua, mwulize kama ana pedali ya Yamaha ya FC3A na kama inakuja pamoja na kinanda, kwa sababu inasoma nusu ya mkanyago na ile ya PSR yako huenda haisomi. Pia mwambie ahifadhi sauti alizoziunda kwenye flashi kabla hujafuta chochote. Miaka yake ya Muscat imo humo, na huenda kuna mbili tatu utakazozitaka.